Kumfuata Nkambo Kabwe mpaka Luapula

Wamama wa kwaya, tangu nirudi hamnipi nafasi ya kupumua. Nikiwa bombani mnaniuliza, nikiwa sokoni mnaniuliza, na Jumapili iliyopita, padri akiwa katikati ya mahubiri, Mama Odile aliniinamia sikioni: "Sasa yule kijana ni nani wenu?" Basi naandika mara moja, msome kwa zamu, kisha mniache niuze unga wangu kwa amani. Mambo ya kutafuta nafasi kwenye gari na vikaratasi vya njiani nayaruka. Kila mtu anayajua na hayana utamu wowote.

Shituru

Nianze na sababu, maana wengine mnadhani nilikwenda kutalii.

Mnajua hali ilivyokuwa. Kiwanda cha shaba hapa kwetu Likasi kilitoa moshi leo, kesho kimya. Mshahara ulipopotea, watu wakaanza kuulizana asili. Jirani mliyeombana chumvi miaka yote anakuuliza kijiji cha babu yako kana kwamba umeshuka garini asubuhi hiyo. Walioonekana ni wa Kasai walikwisha kulala stesheni na masufuria yao wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, na wengi wao hiyo Kasai hawajaiona hata kwa picha. Mama Tshibola aliyenifundisha kushona alipita mbele ya mlango wetu na cherehani kichwani. Nilimpa mihogo ya kula njiani. Niliona aibu, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Sisi ni wa Kabwe. Jina zuri, lakini limekaa kila mahali: Kasai lipo, kwa Waluba wa huku kwetu lipo, kwa Wabemba wa Luapula lipo. Nkambo Kabwe, babu yetu, alikuja kijana kuyeyusha shaba, akazeeka hapa, akafa bila kusema alitoka wapi. Baba akazaliwa katika kambi ya wafanyakazi, akafanya kazi kiwandani mpaka pensheni, na ukimuuliza kijiji chake anakuonyesha bomba la moshi.

Basi siku moja mkubwa wa avenue yetu, yaani kiongozi wa mtaa, mtu wa ziwa Mweru, akaja na vijana wake. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Akamwambia baba: "Muzee Kabwe, hatukufukuze. Ulete tu mutu moja ya kwenu, asimame hapa, aseme hawa ni bantu yetu. Ukimukosa, utapanda treni sawa benzako."

Baba alitazama miguu yake. Miguu yenyewe imevimba, hata kufika kanisani ni kazi. Ukimpandisha treni ile, unamzika njiani. Nikajibu mimi.

"Mutu atakuja," nikasema.

Wakaondoka. Baba akaniuliza mtu huyo atatoka wapi. Nikamwambia hilo ni la kesho.

Kesho yake nilikwenda parokiani. Padri mzee akafungua kitabu cha ubatizo, akapiga chafya kwa vumbi, akamwona baba akiwa mtoto mchanga. Mbele ya jina la baba yake waliandika: Kabwe, mtu wa Luapula, kijiji cha Kafimbe. Hakuna zaidi. Mimi nilitosheka. Kwa mtu aliyekuwa na kila mahali pa kutafuta, kupewa mto mmoja ni neema.

Likasi mpaka Lubumbashi

Nilipanda juu ya lori la makaa. Ningekuwa Lubumbashi mchana, ila kulikuwa na barrière, kizuizi cha vijana waliofunga kamba barabarani, na kila abiria alisema jina. Mbele yangu walimshusha mwanaume mmoja na mkoba wake. Sijui aliishia wapi, na sikupenda alivyokwenda bila kutugeukia.

"Jina?"

"Kabwe."

"Kabwe ya wapi?"

"Ya Shituru," nikasema. "Na weye, mama yako alikuzaa ku barrière?"

Dereva alifumba macho. Lakini kijana alicheka, wenzake wakacheka, kamba ikashuka. Msinisifu. Rozari niliisali yote kabla hatujafika mjini.

Lubumbashi nilitafuta ghala wanakoweka kadi za wafanyakazi wa zamani. Niliambiwa huenda jina la kijiji limeandikwa vibaya parokiani, nihakikishe kwanza kabla ya kujitupa porini. Mwenye funguo alinikalisha kibarazani asubuhi nzima. Kumbe alidhani nimekuja kudai pensheni, akajificha nyuma ya ghala akingoja nichoke. Mimi nami nilidhani hajafika, nikatandika kitambaa nikaanza kula viazi vyangu vitamu. Njaa ndiyo iliyomtoa. Alipojua natafuta marehemu tu, akafurahi kabisa, akakaa, akala nami, kisha akanifungulia.

Mchwa walikuwa wamekula ukuta mzima wa kadi. Ya nkambo ilikuwa imebaki, nusu. Alama ya dole gumba, nyeusi, kubwa kama ya baba. Kafimbe, ndiyo. Na chini yake, kwamba aliwahi kuomba ruhusa ya kwenda kwao, akapewa, akarudi kazini kabla ruhusa haijaisha.

Hilo liliniganda kichwani. Nani aliyewahi kurudi mapema kutoka likizo ya nyumbani? Sisi tunarudi tumechelewa na visingizio viwili vya msiba.

Barabara ya Kasenga

Lori la Kasenga huenda tupu na kurudi na samaki, kwa hiyo linanuka samaki hata likienda. Tulikuwa wengi juu. Karibu yangu alikaa mhubiri mmoja kijana mwenye koti zito, kutoka kanisa la uamsho la Kakanda, aliyesema yuko kwenye mfungo. Mfungo wake ulikuwa na adabu: hakugusa chakula chake, aligusa changu.

Aliponiuliza safari yangu nikamweleza. Akashtuka, akahama kidogo.

"Mama, unafuata wafu?"

Nikamwambia nafuata walio hai, wafu ndio wanaojua njia tu. Akasema kumtafuta babu ni kufungua mlango wa mizimu. Nikamuuliza Injili ya Matayo inaanzaje, kama si fulani akamzaa fulani, ukurasa mzima. Watu juu ya lori walishangilia kama kwenye mpira. Naye akaomba kiazi kingine.

Lori likafa mtoni kabla ya nusu ya njia. Tangi lilikuwa limetoboka na petroli inadondoka. Dereva akapaka sabuni ya kufulia kwenye tundu, sabuni ikashika, tukaenda kidogo, ikaachia. Tukalala hapo, tukaamka hapo. Wanawake wa kijiji cha jirani wakatuletea munkoyo, ile togwa yetu ya mahindi na mizizi, na bukari, ugali wa muhogo, na sombe, kisamvu, isiyo na chumvi. Hawakuwa na chumvi, nami nilikuwa nayo kwenye fundo la kitenge. Nikaitoa yote. Tulikula kama wenye harusi.

Mhubiri aliliombea tangi mpaka akatoka jasho. Lori lilipoondoka, alinitazama kwa ushindi. Nikamwacha na ushindi wake, maana sabuni iliyotumika mara ya pili ilikuwa yangu.

Kasenga na njia ya mto

Kasenga kila kitu ni samaki. Samaki wabichi, samaki wa moshi, watoto wanachezea vichwa vya samaki. Niliuliza Kafimbe, nikaambiwa ni mbele, kando ya mto, gari haliendi. Nikabebwa kwenye baiskeli na baba mmoja mwenye mapaja kama magogo, aliyeimba njia nzima ili asisikie nikilalamika. Mvua ilikuwa imekula njia, kila penye tope ananishusha, natembea na viatu mkononi. Mimi mtoto wa lami ya Shituru! Nilijicheka mwenyewe.

Kibemba changu ni cha sokoni, kinajua bei na matusi. Ila jina la mtu ni jina. Tulipofika Kafimbe nilimkuta mwanamke mwenye mvi akipara samaki mbele ya jiko lake. Nikampigia makofi ya salamu, naye akanijibu, "Mwaiseni," karibu. Nikamwambia natafuta ukoo wa Kabwe aliyekwenda zamani kwenye shaba.

"Kabwe?" akasema. "Kabwe iko. Alienda ku mashamba. Atarudia mangaribi."

Nikarudia taratibu, nikidhani hakunielewa. Si Kabwe yeyote. Nkambo wangu, Kabwe aliyekwenda Likasi, aliyezaa baba yangu, aliyekufa mimi nikiwa msichana.

"Ni ule ule," akasema, akaendelea kupara. "Ukae, utakula naye."

Nyinyi mngefanya nini? Nilikaa. Nilimkumbuka mhubiri na milango yake ya mizimu, nikashika rozari iliyokuwa shingoni.

Kafimbe

Jua lilipolala akaja mwanaume wa miaka thelathini hivi, jembe begani, kaptula imejaa udongo. Yule mwanamke, Mama Chanda, ambaye ndiye mama yake mzazi, akasimama na kumpokea jembe kwa mikono miwili, kama anavyopokelewa mzee. Akamwambia: mgeni huyu ametoka Likasi, ni mtoto wa mtoto wako.

Akanitazama kuanzia kichwa mpaka vidole vyenye tope.

"Mujukulu wangu," akasema, "umezeeka mbio."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikacheka mpaka nikakaa chini. Kupyana! Baba zetu walikuwa wakitusimulia, nasi watoto wa mjini tulisikia nusu. Kwa watu wa mto huu, mtu akifa, jina lake halizikwi. Huchaguliwa mtu wa ukoo, hukalishwa mkekani, hupewa maji na jina, na tangu hapo yeye ndiye. Watoto wa marehemu ni wanawe, hata wakimzidi umri. Huyu kijana alikuwa mwili wa tatu wa Kabwe: alirithi kutoka kwa mjomba wake, na mjomba alirithi kutoka kwa nkambo wangu.

Tukala bukari na samaki wa moshi. Nikahesabu moyoni, nikasimamisha tonge. Nikamuuliza Mama Chanda: ninyi mlijuaje kwamba nkambo amekufa? Alifia Likasi, na hakuna aliyeleta habari huku, kwa kuwa hakuna aliyejua ni huku.

Mama Chanda alinawa mikono kwanza. Alikuwa msichana mdogo wakati huo, akasema, lakini aliona kwa macho yake. Kabwe alikwenda kwenye shaba baada ya kugombana na mjomba wake. Miaka ikapita bila neno. Wengi waliokwenda huko walikuwa wakifa, basi wakubwa wakasema naye amekufa. Wakamlilia, wakanyoa vichwa, wakamkalisha mpwa wake mkekani, wakampa jina.

Halafu siku moja Kabwe akaja.

Alikuja na baiskeli mpya na blanketi jekundu la kumpa dada yake, akasimama pembeni ya uwanja akimwita dada kwa jina. Watu walikimbia. Waliporudi, wakubwa wakamwambia: Kabwe alikufa, tulimlilia, na Kabwe ni yule amekaa pale, sasa wewe ni nani? Hawakumwambia kwa chuki. Walikuwa na hofu. Wawili hawakai katika jina moja, na jina likishamkalia mtu haliwezi kuvuliwa. Dada yake aliogopa hata kumshika mkono. Wakamwekea chakula nje, nyuma ya jiko, mahali wanapowawekea marehemu. Hakula. Aliacha blanketi juu ya sahani akapanda baiskeli yake.

"Tulimuua na kinywa," Mama Chanda akasema. "Dada yake, njo mama yangu. Alilia ile blanketi mpaka naye akafa."

Kumbe ndiyo maana alirudi kazini mapema. Na ndiyo maana hakuwahi kututajia kijiji. Angekitajaje, na kilikwisha kumzika? Nililia, wamama, sifichi. Nililia kwa hasira kwanza, halafu kwa huruma tu.

Asubuhi nikawaambia wakubwa shida yangu: baba yangu, treni, mkubwa wa avenue, ahadi niliyoitoa bila kujua natoa nini. Nataka mtu mmoja wa kwenda Shituru na kusema hawa ni wetu. Wakatafuna maneno mpaka jua likawa kali. Walikuwa na hofu moja: Kabwe akienda kuwatambua watoto aliowazaa baada ya kuliliwa, kijiji kinakiri kwamba kilimlilia mtu aliye hai. Na hilo hakuna aliyewahi kulisema hadharani. Mmoja akapendekeza nipewe samaki na salamu.

Nilikuwa nakusanya maneno yangu mazito. Sikuyahitaji. Kijana alisimama, akaweka jembe chini.

"Muliniweka mu jina, sikuomba," akasema. "Minye njo Kabwe. Batoto yangu banafukuzwa. Mutaniambia nikae?"

Mama Chanda akaingia ndani kumfungia nguo.

Kurudi

Njia ya kurudi nitaisema kwa kifupi kwa sababu ilikuwa nzuri, na njia nzuri haina hadithi. Tulikaa juu ya magunia ya samaki. Nkambo wangu alikuwa hajawahi kuona mji, aliuliza kila kitu, na kila aliponiona nimechoka alinitania kwamba mke wake mzee hana nguvu, kama mababu wanavyowatania wajukuu wa kike. Abiria walidhani kweli ni mume wangu. Mama mmoja muuza vitunguu alinivuta pembeni akaniuliza nilimpatia wapi.

Kwenye kizuizi, vijana walikuwa wengine. Walipomuuliza jina akasema Kabwe, nami Kabwe. "Ni bibi yako?" wakauliza, yaani mke. Akajibu kwa heshima kwamba mimi ni mjukuu wake. Wakatuona wendawazimu, wakatupitisha.

Shituru tena

Habari ilitutangulia, sijui kwa miguu ya nani. Tulipofika nyumbani, mkubwa wa avenue alikwisha kusimama uani na vijana wake. Baba alikuwa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda.

"Mama Anasta," mkubwa akaniita, "mutu wako njo nani?"

Nikamwonyesha. Vijana wake wakacheka. Mmoja akasema tumeokota mtoto wa samaki wa Kasenga. Nikafungua kinywa nianze kueleza ubatizo, kadi, mto, kila kitu nilichopanga njiani. Lakini Kabwe alinipita. Alikwenda moja kwa moja mbele ya baba, hakumpigia makofi ya salamu kama kijana anavyomfanyia mzee. Alisimama wima akamshika bega.

"Mwana yangu," akasema. "Nilirudia kwetu, banikatala. Njo maana sikukuambia kitu."

Baba ni mtu wa kiwanda. Mambo ya kijijini humkera, mnamjua. Nilidhani atamwondoa mkono. Alimtazama kijana yule uso kwa uso, kisha akatoa miguu kwenye kigoda, akashuka kitini na kupiga magoti, yeye na miguu yake ile, akapiga makofi taratibu kama mtoto mbele ya mzazi. Sikujua kwamba anayajua. Nani alimfundisha, kama si nkambo mwenyewe?

Nikamwona mkubwa wa avenue akivua kofia. Mtu wa Mweru hahitaji kuelezwa. Kwao pia jina hukalishwa mkekani, na anajua kwamba hakuna mtu anayecheza na jambo hilo, wala anayemwita mtoto wa wengine baba ili apate nyumba. Vijana wake wakaacha kucheka mmoja mmoja.

Baba alikuwa bado chini. Akasema jambo ambalo hajawahi kutuambia sisi wanawe:

"Baba, siku tulikuzika, hakuna hata mutu moja ya kwenu alikuja kulia. Nilikuwa minye na padri."

"Najua," Kabwe akasema. "Balishanilia mbele ya kufa."

Hapo baba akaangua kilio, kile cha sauti, ambacho mwanaume anaruhusiwa msibani tu. Kabwe akaketi chini naye. Mimi nikaketi. Na mkubwa wa avenue, aliyekuja kutuuliza asili yetu, akaweka kofia yake kwenye mchanga, akakunja miguu, akalia nasi kama watu wa nyumba moja.